Michembe ya Maembe

Mwezi uliopita mjukuu wangu aliingia ndani na pakiti ndogo inayong'aa, aliyoinunua kwenye duka la jirani na stendi ya Bariadi. Akaipasua kwa meno, akanimiminia kiganjani vipande vya embe kavu, vyembamba, rangi yake kama ya kiini cha yai la kienyeji. Miwani yangu ilikuwa chumbani, kwa hiyo akanisomea maandishi ya nyuma ya pakiti: ina vitamini A, ni nzuri kwa macho, inafaa kwa watoto. Nikaweka kipande kimoja mdomoni. Kilipovunjika chini ya jino nikalazimika kukaa. Mjukuu alidhani sukari imenipanda, akakimbilia maji, nami nikamwacha aamini hivyo. Wewe, rafiki yangu, nitakueleza ukweli. Umri tuliofikia hauna sababu tena ya kuficha, na jambo hili nimekaa nalo zaidi ya miaka hamsini.

Utotoni mwangu Simiyu lilikuwa jina la mto tu. Sisi tulihesabiwa watu wa Maswa, na kaya yetu ilikuwa upande wa Ipililo, peke yake, imezungushiwa ua wa minyaa, na nyuma yake kulikuwa na jiwe kubwa lililolala kama ng'ombe anayecheua. Tulikuwa watatu: bibi, mimi, na mdogo wangu wa kiume. Mama alifariki siku chache baada ya kumzaa huyo mdogo. Baba alikwenda Mwanza kutafuta kazi kwenye kiwanda cha pamba, akatuma barua mbili tatu, kisha barua zikakoma. Bibi hakumlaumu. Alisema mwanaume aliyefiwa huwa kama ndama aliyekatika kamba, hajui anakokwenda, anajua tu anakotoka.

Kila nyumba ya Kisukuma ilikuwa na michembe, nawe bila shaka umeila: viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kuanikwa juani mpaka vikawa vikavu kama mbao, chakula cha miezi ya njaa. Bibi alitengeneza na ya maembe. Sikuwahi kuona nyumba nyingine iliyofanya hivyo. Alisema alifundishwa na shangazi yake, na shangazi naye alifundishwa na mwanamke mmoja aliyetoka mbali akaolewa Shishiyu. Zaidi ya hapo hakujua.

Maembe ya kwanza yalipoanza kubadilika rangi, tuliamka alfajiri tukaliosha jiwe kwa maji na majivu, tukalisugua kwa magunzi ya mahindi. Bibi alichagua embe lililoanza kuiva lakini bado linakataa kidole. Alilimenya na kulikata kwa kisu kilicholiwa na jiwe la kunolea mpaka kikawa chembamba kama jani la mtama. Vipande vilitakiwa vilingane. Kipande kinene huoza katikati, alisema, na kimoja kikioza huwafundisha wenzake. Tulivitandaza juu ya jiwe kwa mistari, jua likiwa bado pole, na mchana tulivigeuza kimoja kimoja huku nyayo zikiungua. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku na mbuzi, na kuangalia mawingu. Msimu wa maembe ni msimu wa mvua, hivyo tuliiba jua katikati ya mvua na mvua. Tone la kwanza likianguka tulikimbia wote watatu na nyungo, hata mdogo wangu ambaye ndiyo kwanza alikuwa amejua kukimbia.

Siku ya tatu au ya nne, vipande vilikuwa vimejikunja kando na vilivunjika kwa mlio mkavu. Bibi alivitia kwenye kilindo, lile pipa dogo la gome la mti lililoshonwa kwa kamba, akafunika na kulitundika darini juu ya moshi. Havikuliwa ovyo. Mchungaji anayekwenda mbali na ng'ombe alipewa vichache kwenye mfuko. Mwali anayeolewa alipewa sahani. Lakini zaidi vilikuwa vya mtoto aliyeachishwa ziwa. Bibi aliviloweka mpaka vikalainika, akavitwanga na karanga, na kumlisha kwa kidole. Lazima karanga, alisema, bila karanga embe linapita tu kama mgeni asiyelala. Nilipokuwa mkubwa, chuoni, mkufunzi alitueleza kwamba vitamini ile haiingii mwilini bila mafuta. Niliandika kwenye daftari, kisha nikaomba ruhusa nikatoka nje.

"Embe bichi ni la leo," bibi alizoea kusema, "embe kavu ni la mtoto."

Nilikuwa na miaka kumi, mdogo wangu anaelekea mitano, lilipokuja agizo la kuhamia vijijini. Balozi wa nyumba kumi alipita akaeleza kwa sauti ya upole: tutaishi pamoja, tutapata shule, zahanati na maji. Wengine walifurahi, na kweli shule na zahanati tulivipata, siwezi kudanganya. Bibi aliuliza swali moja tu, kwamba je, jiwe nalo litahama. Watu wakacheka. Lori lilikuja mapema kuliko tulivyoambiwa, tukapakia mkeka, vyungu, kuku wawili na kitanda. Paa la nyumba liliezuliwa nyuma yetu ili mtu asirudi. Katika haraka ile kilindo cha maembe kilibaki. Bibi alikuwa amekificha kwenye ufa wa jiwe, akihofia kwamba nyumba ingebomolewa.

Mwaka ule mvua zikakataa. Kijiji kipya kilikuwa uwanda mtupu wenye vijumba vilivyopangwa mistari, mti mmoja hapa, mwingine kule, na vumbi liliingia mpaka kwenye ugali. Tulikula unga wa njano ulioletwa kwa malori, watu wakiuita yanga, pamoja na majani makavu ya kunde. Maziwa hayakuwepo, kwani ng'ombe wa jirani zetu walikuwa wakifa. Ndipo nikagundua kwamba jua likizama mdogo wangu hutembea amenyoosha mikono. Aligonga kizingiti. Alikanyaga moto uliokuwa umepoa nusu. Watoto wakamwambia ana macho ya kuku, kwa vile kuku naye jioni haoni.

Muuguzi wa zahanati, mama mnene mwenye sauti ya chini, alimfunua kope, akamwangalia muda mrefu. Alisema dawa yake imeisha na hajui italetwa lini. Akamuuliza bibi kama ana mboga za majani mabichi, maini, papai, au embe. Akasema yote yenye rangi ya jua la jioni yangemsaidia mtoto huyu.

"Embe ninalo," bibi akajibu. "Liko kwetu."

Tulikwenda kesho yake, yeye na mimi, tukamwacha mdogo kwa jirani. Tulitembea tangu kuchomoza kwa jua. Nilikuwa nimetamani kurudi nyumbani, lakini tulipoukaribia ua wa minyaa nikarudi nyuma ya bibi. Ua ulikuwa mzima. Ndani yake kuta zilisimama bila paa, na mlango ulikuwa umefunguka kuelekea mahali ambapo hapakuwa na chumba. Hakuna ndege aliyelia. Bibi alipiga hodi. Nakuapia, alisimama mbele ya nyumba yake mwenyewe akapiga hodi, akasema "Mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi, na akasubiri. Nami nikajikuta nasubiri pamoja naye, nikiwa na hakika kwamba tutajibiwa.

Juu ya jiwe kulikuwa na alama. Sukari ya maembe ya miaka yote ilikuwa imelitia madoa, mstari kwa mstari, mamia ya madoa ya kahawia yenye umbo la jicho. Nilipoishi pale sikuwahi kuyaona, maana siku zote yalikuwa na vipande juu yake au maji. Sasa yalikuwa wazi, yakiangalia juu. Bibi alinyunyiza chembe za unga kwenye kona ya jiwe, akasema na watu wake waliotangulia kwa Kisukuma, taratibu, kama mtu anayeomba radhi kwa kuchelewa. Kisha akaingiza mkono kwenye ufa akatoa kilindo. Kilikuwa kimejaa.

Njiani alinigeukia mara moja tu. Akasema hiki ni macho ya mdogo wako, tumeyabeba.

Kila asubuhi bibi alikwenda kwenye shamba la kijiji na watu wengine wazima, akirudi jua likiwa limeinama. Mimi nilikwenda shule na kutoka mchana, na kazi ya kumlisha mdogo wangu ikawa yangu. Maagizo yalikuwa wazi: vipande vinane kwa siku, niloweke, nitwange na karanga, nimlishe mpaka amalize. Karanga zenyewe bibi alizipata kwa kumfumia jirani vikapu. Siku za mwanzo nilifanya vile vile. Baada ya wiki mbili hivi mdogo wangu alianza kuniita kwa jina tulipokuwa kizani, bila kunigusa kwanza.

Sasa nikuambie kuhusu wasichana. Kile kijiji kilikuwa na wenyeji wake, ambao kaya zao zilikuwa pale tangu zamani, na kilikuwa na sisi tulioshushwa. Wasichana wenyeji walituita wa lori. Walikuwa na kamba ya katani ya kuruka, na waliiruka kila mchana chini ya ukuta wa shule, wakiimba, na mimi nilisimama pembeni nikihesabu miruko yao kama mjinga. Siku moja nilikuwa na kipande cha embe mkononi, kimoja tu, nilichokuwa nakilamba njiani. Mkubwa wao, msichana mwenye mwanya, akakiomba. Alipokitafuna, macho yake yakafumba. Akasema kesho nilete vingine, na siku hiyo niliruka kamba.

Nilileta viwili, halafu vinne. Nikawa na nafasi yangu kwenye mstari, nikaitwa rafiki, nikasukwa nywele kwa mara ya kwanza tangu tuhame. Siku vipande vilipokuwa vichache mwenye mwanya alinigeuzia mgongo, na kesho yake nikaleta sita. Mdogo wangu alipata viwili vilivyotwangwa katika maji mengi, na siku nyingine alipata karanga tu. Hakulalamika. Alikuwa mtoto anayekula anachopewa, akifungua mdomo kama kinda. Na mimi mwenyewe nilikula, nisiseme nilivigawa vyote. Nilisimama nje, nyuma ya mlango, nikila kile kilichobaki kabla bibi hajafika.

Bibi alirudi, akaweka jembe, akauliza, "Amekula?"

Nikasema, "Amekula."

Hayo ndiyo maneno niliyosema kila siku kwa muda wa zaidi ya mwezi. Wala bibi hakupata sababu ya kushuku, kwani kilindo kiliisha siku ile ile ambayo kingeisha. Hesabu yangu ilikuwa safi. Vinane vilitoka kila siku.

Surua iliingia kijijini na upepo mkavu. Ilianzia upande wa shule na kufuata mistari ya nyumba kama mtu anayegawa barua. Jirani yetu alizika watoto wawili katika juma moja. Mimi nilikuwa nimeugua zamani, haikunigusa. Mdogo wangu alikaa na homa siku nyingi, macho yamevimba na kugandamana, na bibi aliyafungua kwa kitambaa cha maji ya chumvi asubuhi na jioni. Yalipofunguka yenyewe, jicho la kulia lilikuwa jeupe kama ganda la yai. La kushoto lilibaki linaona mwanga na vivuli. Dirisha lilikuwa wazi, mimi nimesimama mbele yake, akauliza ni nani aliyefunga.

Muuguzi alikuja mwenyewe mpaka nyumbani. Alieleza kwa upole kwamba surua ikimkuta mtoto ambaye macho yake yamekwisha kuwa dhaifu, huyavunja. Bibi akamwambia kwamba mtoto alilishwa embe kila siku, vipande vinane, na karanga, karibu siku arobaini. Alisema hivyo kama mtu anayetoa ushahidi mbele ya baraza. Muuguzi akatafuta neno lisiloumiza. Akasema labda, mama, jua kali huwa linanyonya nguvu ya tunda. Labda yangekaushwa kivulini.

Nilikuwa nimekaa pale pale, kwenye kigoda, nikichambua majani ya kunde. Nilikuwa na mdomo. Mikono yangu iliendelea kuchambua.

Bibi alimsindikiza muuguzi mpaka njiani kama ilivyo adabu. Aliporudi alikishusha kile kilindo kitupu, akakitazama ndani, kisha akakikata kwa panga na kukitia jikoni. Gome lilikuwa limeshika sukari ya miaka mingi. Lilinuka embe nyumba nzima, harufu ya kwetu, na mdogo wangu pale kwenye mkeka akageuza uso kuifuata.

Mvua zilirudi mwaka uliofuata. Jirani alitoka kwao na kikapu cha maembe, yale yanayokataa kidole, akamwomba bibi amfundishe ile kazi yake, kwani habari zake zilikuwa zimeenea. Wanawake wengine wawili wakaja na visu vyao. Bibi aliwakaribisha, akawapa maji, akawaambia kwamba kazi ile haina faida, wasipoteze jua. Walimsihi. Akasema alimlisha mtoto kivuli cha chakula akidhani ni chakula, na hataki mwanamke mwingine afanye hivyo. Wakaondoka. Maembe yaliliwa mabichi, mengine yakaoza kwenye kikapu, na nzi wakaja.

Hakukata embe tena. Hata akiletewa lililoiva alilisogeza pembeni.

Nilifaulu, nikaenda chuo cha ualimu, nikachukua sayansi kimu. Huko nilisoma kwamba muuguzi hakusema uongo: jua la wazi kweli huondoa sehemu kubwa ya ile vitamini kwenye tunda, ingawa haliondoi yote. Unaweza kudhani nilipata nafuu. Nililala na jambo hilo, nikaligeuza huku na huku. Lakini nilikumbuka zile wiki mbili za mwanzo nilipomlisha sawasawa, na namna alivyoanza kuniita kizani bila kunigusa. Hakuna kitabu kinachoweza kuniambia vipande vile vingefanya nini surua ilipofika. Ningependa kitabu kimoja kiseme visingefanya kitu. Nimekitafuta.

Likizo yangu ya mwisho bibi alikuwa kitandani, amekonda, lakini akili yake timamu. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kutoka chuoni. Nilimnywesha uji, nikamfuta mdomo, nikapiga magoti.

"Bibi," nikasema, "yale maembe."

Aliinua kiganja chake kunizuia. "Yaache, ng'wana wane," akasema, akiniita mwanawe kama alivyozoea. "Yalinidanganya."

Nami nikayaacha. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na moja, nimepiga magoti tayari, nikainuka na kikombe cha uji. Alizikwa kijijini, mbali na jiwe lake. Hakuna aliyejua kwamba alipaswa kuombwa radhi.

Mdogo wangu yu hai. Anakaa Ipililo, ana mke na watoto watano, na vitanda vya kamba anavyosuka watu wanavifuata kutoka mbali. Baada ya siku ile ya pakiti nilipanda gari nikaenda kwake. Nilimkuta uwanjani, mchana, kamba imezunguka dole gumba la mguu wake. Nilikaa chini nikamweleza yote bila kupumzika: wasichana, kamba ya kuruka, vipande viwili katika maji mengi. Mikono yake haikusimama.

Nilipomaliza akasema anajua.

Nikamuuliza anajuaje, alikuwa mtoto wa miaka minne na nusu.

"Nilikuwa nakusikia," akasema. "Ulikuwa unatafuna nyuma ya mlango. Embe kavu lina kelele, dada."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia bibi. Akavuta kamba mpaka ikakazika.

"Angekupiga," akasema. "Na mimi nilikuwa na wewe tu mchana kutwa."

Mke wake alituletea chai na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa. Baadaye nikamuuliza kama bado anakumbuka ladha ya michembe ya bibi. Akasema hapana. Anakumbuka mlio tu.

Siku hiyo niliwauliza wanawake wa pale, wazee kwa vijana, kama kuna anayejua kukausha maembe kwa namna ile. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia. Msichana mmoja aliyesoma, kwa heshima kabisa, alisema huenda lilikuwa jambo la bibi yangu peke yake. Inawezekana. Mwanamke wa Shishiyu alimfundisha shangazi, shangazi akamfundisha bibi, na wale watatu waliokuja na visu vyao walirudishwa. Mimi najua kuosha jiwe na kufukuza kuku. Kukata sikufundishwa, nilikuwa bado mdogo, na bibi alisema nitafundishwa mwaka unaofuata.